Uso Unaochagua: Mwongozo wa Kunasa Risasi katika Maji ya Mombasa

Kabla hujanunua chupa hata moja ya kemikali, chukua karatasi uandike majina mawili. La kwanza ni la kitu unachotaka uso wako ukinase. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni la kitu kitakachotaka kukalia nafasi hiyo hiyo. Ukiwa Mombasa, jina la pili umeshaandikiwa: ni chumvi ya bahari. Imekizunguka kisiwa, upepo huipeperusha hadi kwenye mapaa ya Kibokoni, na maji ya visima vya Mji wa Kale, yanayopenya kwenye mwamba wa matumbawe, yamebeba kalsiamu nyingi hata sabuni hukataa kutoa povu. Uso unaofanya maajabu katika maji yaliyokenekwa unaweza kushindwa vibaya ukichovywa kwenye ndoo ya kisima.

Maneno haya namwandikia mwalimu wa kemia, mwanafunzi wa chuo, na yeyote anayetaka kujua jinsi ya kusanifu uso uliofunikwa na tabaka moja tu la molekuli zilizojipanga zenyewe, tabaka linaloshika kitu fulani na kuacha vingine vipite. Mfano wetu utakuwa madini ya risasi, na sababu iko karibu. Kitongoji cha Owino Uhuru, upande wa bara wa Mombasa, kiliishi miaka kadhaa ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, aliongoza kampeni ya kukipinga. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, naye akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kesi ikiisha, risasi haiishi: haiozi wala haivukizi, hukaa udongoni.

Sasa tufanye hesabu ya washindani. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka mpaka wa mikrogramu 10 za risasi katika lita ya maji ya kunywa. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 1,300 za magnesiamu na 400 za kalsiamu, mbali na sodiamu inayozidi gramu 10. Geuza uzito huo uwe idadi, utaona kwamba maji ya bahari yenye risasi ya kiwango hicho yana zaidi ya ioni milioni moja za magnesiamu kwa kila ioni moja ya risasi. Uso unaoipendelea risasi mara mia kuliko magnesiamu unasikika mzuri, ila hapa utajaa magnesiamu karibu wote. Wala usiseme kwamba hakuna anywaye maji ya bahari. Kisima cha maji ya chumvichumvi ni bahari iliyopunguzwa makali tu.

Mguu, mwili na mkono

Kila molekuli ya tabaka lako ihesabu kuwa na sehemu tatu. Mguu hushika uso. Mwili, ambao mara nyingi ni mnyororo wa kaboni, hubanana na miili ya majirani. Mkono hutokeza kwenye maji, na ndio unaochagua. Kujipanga kwenyewe ni kazi ya mguu na mwili. Mwanzoni molekuli hutua ovyo, nyingine zimelala. Kisha kwa saa kadhaa huachia, hushika tena, husogea, mpaka minyororo isimame bega kwa bega. Hakuna anayezipanga, na joto la chumba latosha.

Usidhani kazi hii ni ya matajiri peke yao. Mmoja wa watu wa kwanza kupima matabaka ya aina hii kwa makini hakuwa na maabara wala shahada. Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, alifanyia vipimo vyake jikoni, juu ya maji yaliyotandwa na mafuta, na jarida la Nature likachapisha barua yake mwaka 1891. Ilichukua miaka zaidi ya tisini hadi Ralph Nuzzo na David Allara, mwaka 1983, walipoonyesha kwamba molekuli zenye salfa hujipanga vizuri juu ya dhahabu, na hapo fani nzima ikafunguka.

Mafundi wa vyombo vya pwani nao walikuwa wanachezea kemia hii zamani. Walipaka mbao sifa, yaani mafuta ya ini la papa, na chini ya maji wakapaka deheni ya shahamu na chokaa. Asidi za mafuta hushika kalsiamu ya chokaa kwa miguu yao, mikia ikabaki nje ikiyakataa maji. Deheni ni nene, si tabaka moja la molekuli, lakini mshikamano ni ule ule unaofanya sabuni igande kwenye maji ya kisima.

Msingi: wapi molekuli zitasimama

Dhahabu ndiyo inayopendwa vitabuni, kwa kuwa haishiki kutu na salfa huishika bila shida. Thioli, yaani molekuli yenye kundi la salfa na haidrojeni, ikiwa na kaboni 18 husimama juu yake kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi, na unene wa tabaka zima huzidi nanomita 2 kidogo tu. Usishawishike, hata hivyo, kwenda kwa sonara kumwomba kipande cha pete. Dhahabu ya kujitia imechanganywa na fedha au shaba, na uso wake, hata uking'aa machoni, una mikwaruzo mirefu kuliko molekuli zako mara maelfu.

Hata ukipata dhahabu safi, piga hesabu ya eneo. Sentimita moja ya mraba hubeba molekuli trilioni 460 hivi za thioli. Ikiwa mikono miwili inahitajika kwa kila ioni ya risasi, sentimita hiyo itashika nanogramu 80, yaani risasi iliyomo katika mililita 8 za maji yaliyo kwenye mpaka wa WHO. Hayafiki vijiko viwili vya chai. Kwa hiyo dhahabu bapa ni ya kupimia, pale ambapo badiliko dogo juu ya uso hugeuzwa kuwa ishara ya umeme au ya mwanga. Ukitaka kusafisha maji, achana nayo.

Fedha na shaba nazo hushika thioli, ila hewa yetu haiziachi salama. Weusi wa bangili ya fedha iliyosahauliwa kabatini ni salfa iliyokuja yenyewe kutoka hewani, na kloridi ya upepo wa bahari huanza kuitafuna shaba kabla tabaka halijakamilika. Kuna wakati shaba yenyewe ndiyo shabaha. Wahifadhi wa makumbusho duniani hutumia benzotriazoli, molekuli ndogo yenye naitrojeni tatu, ambayo huishika shaba na kujenga ngozi nyembamba juu yake, ili kuzuia vyombo vilivyotolewa baharini visiendelee kuliwa na kloridi. Anayefanya kazi na vitu vya aina ile iliyotolewa katika Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 na kuchimbuliwa kati ya 1977 na 1980, aijue molekuli hiyo.

Kwa risasi, chagua silika (oksidi ya silikoni) yenye vitundu. Gramu moja ya silika ya namna hii ina eneo la mamia ya mita za mraba likijificha ndani yake, na kila ukuta wa kitundu unaweza kupandwa molekuli. Mwaka 1997 watafiti wa Pacific Northwest National Laboratory, Marekani, walichapisha katika jarida la Science unga wa namna hiyo uliopandwa thioli, safari hii ikiwa mkono na si mguu, wakaonyesha unavyonasa zebaki na metali nyingine nzito. Silika iliyopandwa vizuri inaweza kubeba takriban milimoli 1 ya thioli kwa gramu. Kwa mikono miwili kwa ioni, hiyo ni miligramu 100 hivi za risasi. Karatasini, gramu moja ingetosha lita 10,000 za maji yaliyo kwenye mpaka wa WHO. Kisimani haitafika huko, lakini tofauti na vijiko viwili vya chai umeiona.

Mkono: hapa ndipo wengi wanapokosea

Mwanafunzi akiambiwa atengeneze uso wa kunasa metali, mara nyingi hukimbilia kundi la kaboksili, lile la asidi za mafuta, kwa sababu ni rahisi na lina chaji hasi. Kwa Mombasa ni chaguo baya. Mwaka 1963 Ralph Pearson, mkemia wa Marekani, alizigawa ioni kuwa ngumu na laini. Zilizo ngumu, kama sodiamu, magnesiamu na kalsiamu, hupenda oksijeni. Zilizo laini, kama zebaki na fedha, hupenda salfa. Risasi iko katikati, lakini huelemea salfa. Kaboksili ina oksijeni mbili. Ukiiweka kisimani, kalsiamu itaimaliza. Thioli, yenye salfa na haidrojeni, haina haja kubwa na kalsiamu wala magnesiamu. Kukataa huko ndiko unakolipia.

Ubaya wa thioli nao useme wazi unapoandika ripoti: haichagui risasi peke yake. Zebaki na fedha huzishika kwa nguvu zaidi, na shaba pia. Nyumba yenye koki za shaba zinazoliwa na maji ya chumvi itatoa shaba itakayoshindana na risasi, basi shaba iingie kwenye karatasi ile ya majina. Kloridi ina hila nyingine: haishindani juu ya uso, huikumbatia risasi yenyewe ndani ya maji na kuifanya iwe ngumu kunaswa.

Kama shabaha yako ni protini na si ioni, sheria hubadilika. Mikono iliyobanana hunyimana nafasi, kwa hiyo changanya molekuli mbili, kwa mfano moja yenye mkono kwa tisa zisizo nao, na hizo tisa zimalizie kwa poliethilini glaikoli. Kevin Prime na George Whitesides walionyesha mwaka 1991 kwamba mnyororo huo huzuia protini kugandama ovyo. Kwa ioni ndogo kama risasi usihangaike na uwiano huo, banana kabisa.

Zoezi la jikoni

Kabla ya thioli, jifunze kwa sabuni, maana haina sumu na kila duka la mtaa linayo. Kwangua kipande cha sabuni ya mche, kiyeyushe katika maji ya mvua yaliyochemshwa, kisha mimina siki kidogo kidogo. Maganda meupe yatakayoelea ni asidi za mafuta. Yaopoe, yaoshe, yakaushe kivulini. Weka chembe katika glasi ya spiriti ya duka la dawa, mbali kabisa na jiko na sigara, ukoroge hadi iyeyuke.

Chuna waya wa umeme wa shaba, uponde uwe bapa, uusugue kwa ndimu na chumvi mpaka ung'ae, uusuuze kwa maji ya mvua na uukaushe. Utumbukize nusu yake tu kwenye spiriti hiyo na uuache usiku kucha. Asubuhi usuuze kwa spiriti mpya ili kilichojibandika bila kushika kiondoke. Dondoshea maji pande zote mbili. Upande uliochovywa tone litajikusanya, mwingine litatandaa. Piga picha kwa simu ukiwa umeiweka usawa wa tone, upime pembe ambayo tone hufanya na shaba. Pembe hiyo ndiyo kipimo cha bei nafuu kuliko vyote katika fani hii: tabaka zuri la minyororo ya kaboni juu ya dhahabu hutoa nyuzi 110 au zaidi kidogo, na kioo safi hutoa nyuzi chache sana.

Sehemu ya pili ya zoezi inaonyesha kuchagua. Chukua glasi tatu: maji ya mvua, maji ya mvua yenye chembe za chumvi ya mezani, na maji ya kisima. Tia kila moja kiasi sawa cha maji ya sabuni. Kisimani utaona ukungu na uchafu mweupe, kwingine povu. Kaboksili imeichagua kalsiamu na kuiacha sodiamu. Chumvi ya mezani iwe kidogo kweli, kwani ikizidi hutenga sabuni na maji kwa sababu nyingine kabisa, nawe utasoma matokeo kinyume.

Kupanda thioli juu ya silika

Kazi hii ni ya maabara yenye kabati la kuvuta hewa, miwani na glavu. Silika ya maabara ndiyo bora. Vile vipakiti vya masanduku ya viatu vyafaa kwa majaribio ya kwanza, mradi chembe zake ni nyeupe; zenye rangi ya samawati huenda zina kobalti, nayo ni sumu na itakuvurugia vipimo.

Molekuli unayoihitaji ni saileni yenye mkono wa thioli: mguu wake una silikoni na makundi matatu ya methoksi. Usinunue aina yenye klorini tatu. Hiyo hushambuliwa na unyevu wa hewa kwa sekunde, na hewa ya Mombasa haikosi unyevu mwezi wowote. Itaganda chupani kabla haijafika kwenye silika. Yenye methoksi ni mpole. Changanya ethanoli asilimia 95 na maji asilimia 5, tia asidi asetiki hadi pH ifike karibu 5, kisha ongeza saileni iwe asilimia 2. Subiri dakika 5 miguu ifunguke, tia silika iliyooshwa na kukaushwa, koroga kwa saa chache. Chuja, suuza kwa ethanoli mara kadhaa.

Halafu kuna hatua ya kukomaza. Miongozo ya watengenezaji huruhusu kuiacha saa 24 kwenye joto la chumba iwapo unyevu wa hewa uko chini ya asilimia 60. Hapa kwetu usijaribu. Tumia tanuri, nyuzi 110 za Selsiasi, nusu saa. Hifadhi unga kwenye chupa iliyofungwa vizuri na gizani, kwa sababu thioli huharibiwa na oksijeni pole pole. Harufu mbaya ya vyombo huondolewa kwa jiki iliyozimuliwa, lakini jiki isikutane na asidi wala amonia hata tone.

Jaribio la maji matatu

Anza mazoezi kwa mrututu, si kwa risasi. Shaba yake huonekana kwa macho: ongeza amonia kwenye maji uliyoyachuja, rangi ya samawati nzito itakuambia ni kiasi gani kimebaki. Mkono ukishazoea, nenda kwenye chuo au maabara yenye kipimo cha ufyonzaji wa atomi, wenye kibali cha kushika risasi waitie wao. Waulize Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Tudor, au Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI), Mkomani.

Jaribu unga katika maji yaliyokenekwa, maji ya kisima na maji ya bahari kutoka Bandari ya Kale. Kwa kila maji weka chupa mbili zaidi: moja yenye silika isiyopandwa kitu, nyingine isiyo na unga kabisa. Hizi ndizo zitakazokuokoa na aibu. Silika tupu hunasa risasi pH ikipanda, na katika maji ya matumbawe, yenye kaboneti nyingi, risasi inaweza kuzama yenyewe chini ya chupa. Asiye na chupa hizo mbili atausifia unga wake kwa kazi ambayo haukuifanya.

Kisha kokotoa. Ulianza na mikrogramu 100 kwa lita, zikabaki 5, kwa mililita 100 za maji na gramu 0.1 ya unga. Gawa kilichonaswa kwa kilichobaki: 95 kwa 5 ni 19. Zidisha kwa mililita kwa gramu, 1,000. Unapata 19,000. Katika fani hii 500 hukubalika, 5,000 ni nzuri, na 50,000 ni ya kipekee. Andika namba za maji yote matatu kando kwa kando, na usichapishe ya maji yaliyokenekwa peke yake. Namba ya kisimani ikishuka chini ya 500, tatizo si kiasi cha unga. Rudi kwenye mkono.

Maji ya kisima au ya mkono wa bahari wa Tudor yapitishe kwanza kwenye mchanga. Uchafu wa majitaka una protini na mafuta yanayofunika vitundu, na hakuna thioli inayoona kitu nyuma ya pazia hilo.

Unga uliokwisha kujaa risasi husafishwa kwa asidi na kutumika tena, lakini maji ya asidi yanayotoka ndiyo yenye sumu kuliko yote uliyoshika. Yaweke kwenye chupa yenye maandishi, uyakabidhi kwa wenye leseni ya taka hatari kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Sinki na mtaro si mahali pake. Wala unga huu si dawa ya mtu. Kama nyumba yako iko jirani na mahali palipoyeyushwa betri, usingoje jaribio likamilike: mpeleke mtoto hospitali akapimwe risasi kwenye damu.